Siku moja na mashine ya MRI, Unguja

Saa 1:15 asubuhi
Naanza na chumba cha mitambo: joto la chumba, kiwango cha heliamu inayopoza sumaku ya mashine, kisha chupa ya majaribio ndani ya koili ya kichwa, yaani antena inayopokea mawimbi ya picha. Kwa unyevu wa kisiwa hiki, kiyoyozi kikilegea tu, kazi imelala. Leo kiko sawa, alhamdulillah.

Saa 2:00
Wa kwanza ni bibi wa Makunduchi, aliyetolewa uvimbe wa ubongo Dar es Salaam.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Dude hilo halinimezi?"

Nampa viziba masikio na kengele ya kuniitia. Mjukuu wake kaja na CD ya picha za zamani, na mimi CD naithamini kuliko barua ya rufaa. Barua inauliza kama uvimbe umerudi. Hilo hujibiwa kwa kulinganisha, na kulinganisha kunataka picha mbili zilizopigwa kwa mipangilio ile ile.

Gadolini, dawa tunayodunga mshipani ili uvimbe uonekane, yenyewe haionekani. Inafupisha T1 ya maji yaliyo karibu nayo, yaani muda wa maji kutulia baada ya pigo la mawimbi ya redio, ndipo pale ilipovuja panapong'aa. Lakini nikirefusha TR, muda kati ya pigo moja na jingine, tofauti ya T1 inafifia. Nikirefusha TE, muda wa kungoja mwangwi wa pigo, mng'ao unapungua. Mgonjwa yule yule, dawa ile ile, picha mbili zisizofanana. Ni sawa na kupima kivuli cha mnazi asubuhi na tena adhuhuri, ukasema mnazi umefupika.

Kwa hiyo nafungua CD, nasoma TR, TE na unene wa vipande, naviingiza kama vilivyo. Kwanza picha bila dawa, maana damu iliyobaki baada ya upasuaji hung'aa yenyewe, na bila picha hiyo utaapa ni uvimbe. Figo zake zimeshapimwa. Dozi ni 0.1 mmol kwa kilo; bibi ana kilo 50, na dawa yetu ina 0.5 mmol kwa mililita, basi mililita 10.

Kisha nasubiri dakika 5, kwa sababu saa zilizoandikwa kwenye picha za zamani zinaonyesha pengo hilo hilo. Kwenye ubongo dawa huendelea kuvuja polepole, na ukiwahi, doa dogo linakukimbia. Vipande ni vya milimita 1. Doa la milimita 3 ndani ya kipande cha milimita 5 huchanganyika na tishu nzima likapauka.

Saa 4:30
Mama kijana, prolaktini (homoni ya maziwa) iko juu, daktari anashuku uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Hapa kusubiri ndiko kunakoharibu. Tezi nzima hunywa dawa upesi, uvimbe mdogo huchelewa, na katika dakika ya kwanza au ya pili huonekana kama doa jeusi. Ukikawia, zote zinang'aa na doa limepotea. Naanza kupiga picha pamoja na sindano.

Saa 6:30 mchana
Swala, wali wa nazi, mchuzi wa pweza.

Saa 8:00
Mzee wa Wete, kavuka na boti, jicho moja limetokeza.

"Ami, tafadhali osha wanja kwanza."
"Hata wanja?"

Hata wanja; baadhi yana madini ya chuma yanayopinda picha. Nyuma ya jicho kumejaa mafuta, nayo kwenye picha za T1 ni meupe, kwa hiyo uvimbe uliokunywa dawa hujificha ndani ya weupe huo. Lazima mafuta yazimwe. Njia ya kawaida hushindwa karibu na hewa ya sinasi, yale matundu ya mifupa ya uso, basi natumia Dixon, njia inayotenganisha maji na mafuta.

Saa 9:40 alasiri
Daktari kijana kaja na CD mbili za mgonjwa mwengine.

"Uvimbe umepungua mng'ao, dawa zinafanya kazi!"

Naangalia. Zimepigwa kwa namna mbili tofauti: ya kwanza ni spini-eko, ya pili gradienti-eko, ambayo mara nyingi huonyesha mng'ao hafifu zaidi. Namwambia ukubwa anaweza kuupima kwa tahadhari, mng'ao asiuguse. Kanuna kidogo, kisha kaandika ombi jipya. Nimempangia Alhamisi saa 3:00, kwa mipangilio ya CD ya kwanza, na nimesisitiza mgonjwa aje na CD zote mbili.