Nilivyopata kigari cha magurudumu matatu kinachoiweza Kisugu

Walioniambia kigari cha mtoto cha magurudumu matatu ni cha wazungu wanaokimbia asubuhi kule Kololo, nawakaribisha Kisugu, mtaa wetu hapa Kampala. Wasimame pale njia ya murram, ile ya udongo na changarawe, inapokutana na lami, waniangalie nikishuka kwenda sokoni Namuwongo. Mtoto kasinzia, mkono mmoja uko kwenye mpini, mwingine umeshika mwavuli, na kikapu cha chini kimejaa nyanya, bilinganya na mfuko wa mukene, dagaa wetu. Wanaboda wananipisha. Najigamba, ndiyo, na sina haya, maana kigari hiki nilikisaka mpaka mume wangu akasema kama ningekuwa natafuta kiwanja, tungekuwa tumeshapewa hati.

Walionichelewesha ni washauri. Mama mkwe alisema mbeleko inatosha, yeye kalea wote mgongoni. Sawa, lakini mgongo anaouzungumzia ni wake. Wangu unabeba mtoto asubuhi kumpeleka mkubwa nasari, unambeba tena sokoni, unambeba tena kliniki, na jioni unainama kwenye beseni la nguo. Rafiki mmoja akasema ninunue kikubwa kabisa ili mtoto akue nacho. Wifi yangu ndiye aliyenichosha zaidi. Yeye alikuwa na kile chembamba cha magurudumu manne, kinachokunjwa kama mwavuli, na hoja yake ilikuwa moja tu: manne ni mengi kuliko matatu, kwa hiyo yanasimama imara zaidi. Nikamuuliza, wifi, kigoda cha jikoni kwa mama kina miguu mingapi? Mitatu. Kinatikisika kwenye sakafu ya udongo? Hakitikisiki, kwa sababu miguu mitatu hugusa chini yote daima, na wa nne ndio unaoleta ubishi. Akanuna, lakini kigari chake akaniazima ili nione mwenyewe.

Nikaona. Magurudumu ya mbele ya kigari kile ni madogo, mawili mawili kila upande, plastiki ngumu. Kwenye vigae vya dukani kinateleza vizuri ajabu. Kwenye murram yetu, jiwe moja dogo likiingia kati ya yale mapacha, gurudumu linagoma na kigari kizima kinageuka kukutazama. Namshukuru Mungu mtoto alikuwa mgongoni, kigarini nilipakia viazi tu. Nikavuta, nikasukuma, nikageuza nikawa nakiburuta kwa nyuma. Tulipofika kwenye reli ya Namuwongo, magurudumu mawili yakaingia kwenye ule mfereji ulio kando ya chuma, yakakaa humo kama yamekodi chumba. Kijana mmoja akanisaidia kuyang'oa. Nikakikunja, nikakitia kichwani, mtoto mgongoni, viazi mkononi, nikarudi nyumbani hivyo. Wanaboda wa stendi yetu wakaniuliza kama kigari kimechoka, nikipumzishe.

Simlaumu aliyekibuni. Owen Maclaren alikuwa Mwingereza, mhandisi wa ndege, na ule muundo wa kukunjwa aliubuni mwaka 1965 akiwafikiria watu wanaosafiri kwa ndege na mtoto. Kwa uwanja wa Entebbe kinafaa sana. Reli ya Namuwongo hakuijua.

Nikaenda upande wa pili, dukani, moja ya yale maduka yenye kiyoyozi. Kulikuwa na cha magurudumu matatu kweli, lakini cha kukimbilia: magurudumu makubwa kama ya baiskeli ya mtoto wa darasa la tatu, na la mbele limekazwa, halizunguki. Ukitaka kukata kona inabidi ukandamize mpini, uinue pua yake, ndipo ugeuze. Bei yake ilikuwa milioni na kitu, sikusikiliza hicho kitu. Muuzaji akaniapia kwamba kinafaa hata mtoto wa wiki mbili. Nikamwambia, ssebo, yaani bwana, nionyeshe kichwa cha wiki mbili kitalala wapi. Kiti chenyewe hakilali, kinaegama tu. Mtoto mchanga anahitaji kulala bapa, au karibu na bapa, kwa sababu shingo haijakaza na kidevu kikiangukia kifuani anaweza kukosa hewa. Wengi hushauri kiti cha kuketi kingoje mpaka karibu miezi sita, na kukimbia naye kungoje zaidi, na hilo muulize daktari, usimuulize mwenye duka. Wangu tayari alikuwa anakaa mwenyewe, kwa hiyo mimi nilipona. Wewe mwenye kichanga, tafuta kiti kinacholala.

Hata hivyo ubishi wote ulimalizwa na kamba. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimechukua kamba ya katani nikaifunga mafundo: fundo la kwanza upana wa mlango wetu, la pili upana wa njia kati ya meza za mboga sokoni, la tatu nafasi iliyo nyuma ya kiti cha mwisho cha teksi, hii basi dogo yetu ya abiria, pale konda anapotupa mizigo. Kile cha milioni magurudumu yake ya nyuma yalipita fundo la kwanza waziwazi. Muuzaji akasema mlango unaweza kupanuliwa. Nikaaga.

Basi nikajua ninachotaka. Matatu, la mbele lizunguke lenyewe mjini lakini liwe na kifungio cha kulikaza linyooke kwenye njia mbovu. Magurudumu ya wastani, yasiwe ya kitoroli cha supamaketi wala ya baiskeli. Kikunjwe kiingie kwenye teksi bila konda kunidai nauli ya watu wawili. Kipya cha namna hiyo hakikuwa saizi ya mfuko wetu, kwa hiyo njia ikawa moja, mitumba, pembeni mwa Owino, lile soko kubwa la mjini.

Hapa ndipo naomba mnisikilize, kwa sababu hili nililibuni mwenyewe na hakuna mshauri aliyenipa. Kigari kitupu husukumika chote. Hata kibovu, ukikisukuma bila mzigo kinakwenda kama bwana harusi. Na mtoto wangu singemweka kwenye kitu nisichokijua katikati ya Owino. Kadi ya kliniki, siku ya chanjo ya surua ya miezi tisa, ilionyesha kilo tisa na kidogo. Nikanunua unga wa posho, yaani wa mahindi, kilo kumi, ile iliyozidi nikaihesabu nguo na chupa ya uji. Nikaubeba, mdogo wangu akinifuata nyuma kwa mbali kidogo, eti asionekane yuko na mimi.

Muuzaji alikuwa Mkongomani, mcheshi. Alipoona nautia mfuko wa unga kitini na kuufunga mikanda, akaniuliza, "Mama, tutabeba mutoto ao bunga?" Nikamwambia leo unga ndio mtoto. Akacheka, akatoa kofia ya sufi kwenye lundo lake akauvika mfuko. Watu wakaanza kukusanyika. Mama mmoja akainama kumsalimia mtoto, akakuta maandishi ya kinu.

Cha kwanza kilikuwa kizuri kwa macho, bluu, kitambaa hakijapauka. Kilisukumika. Nikakipandisha kwenye kile kimteremko cha saruji, nikakanyaga breki, nikaachia. Kumbe breki inashika gurudumu moja tu la nyuma. Kigari kikajizungusha taratibu, kikageukia bondeni, kikaondoka na posho yangu. Mkongomani anapiga kelele, "Mutoto anakimbia!" na kofia yake ya sufi inatikisika. Kilikwenda kikaegemea lundo la viatu vya jirani yake, mwenye viatu akakidaka, akaniambia kwa upole, "Nnyabo," yaani mama, "huyu mtoto hana adabu." Mikanda lakini ilishika, mfuko haukutoka. Tangu siku hiyo sikubali breki kwa maneno. Kanyaga, weka uzito, kiache mteremkoni, uone yote mawili ya nyuma yamekufa kabisa.

Cha pili, cha kijivu, ndicho nilicho nacho. Nilikisukuma kwa mkono mmoja kwenye changarawe, hakikuvuta kushoto wala kulia. Nikakandamiza mpini kwa kiganja, pua ikainuka bila kunifanya ninung'unike. Ukingo wa barabara kikapanda kwa mbele, kikashuka kwa nyuma, magurudumu mawili yakitangulia, maana kushuka ukingo na gurudumu moja la mbele likitangulia ni kumtupa mtoto usoni. Kisha nikakijaribu ubaya. Nikatundika pochi yangu na kilo kadhaa za vitunguu kwenye mpini, nikautoa unga. Kikaanguka chali papo hapo. Nikaurudisha unga, nikapanda ukingo kwa mshazari, kikaanza kulalia ubavu. Hilo ndilo jambo la kweli kuhusu matatu, na wifi angelisema hilo ningenyamaza: yana wepesi wa kupinduka kwa ubavu kuliko manne. Dawa yake ni kuupanda ukingo na reli moja kwa moja, uso kwa uso, na mizigo yote iwe kwenye kikapu cha chini, isiwe mpinini.

Nikamwomba mdogo wangu anishikie simu, nikakikunja kwa mkono mmoja huku mwingine umekumbatia unga, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa mbele ya teksi, mvua inanyesha na konda anakuharakisha. Kilikunjika mara ya pili. Kamba ikasema kinaingia.

Sijamaliza. Bawaba nilizipitisha vidole, kigari kikiwa wazi na kikiwa kimekunjwa nusu. Mwaka 2009 huko Marekani vigari karibu milioni moja viliitwa virudishwe kwa sababu bawaba zake zilikata watoto ncha za vidole, na vitu vya namna hiyo vikizeeka huko, huku ndiko vinakokuja kustaafu. Mikanda nilitaka ya sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili na mmoja kati ya miguu. Ya kiunoni tu inamwachia mtoto ateleze chini au asimame kama abiria wa lori. Chini ya fremu kilikuwa na kibandiko chenye EN 1888, hicho ni kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto, na kando yake imeandikwa kilo 15. Kibandiko hakithibitishi kuwa kitu hakijachakaa, lakini kikiwepo unajua kilianza maisha vizuri, na unajua kikomo cha uzito.

Bei alianza laki tatu na zaidi. Tuliachana kwenye mbili na kitu, pamoja na ile kofia ya sufi, ambayo alidai mtoto ameshaivaa. Unga tulikwenda kuupika.

Matairi. Hapa kila mtu ana dini yake. Ya povu gumu hayatoboki, lakini yanakurushia kila kokoto mpaka kwenye meno ya mtoto. Yangu ni ya upepo, yanameza mashimo, na miiba inayapenda. Ila kabla ya kulipa nilikuwa nimefungua kifuniko cha valvu nikakuta ni ileile ya pikipiki. Maana yake kila stendi ya boda yenye fundi ni kituo changu cha upepo, na kiraka wananiwekea kwa bei ya soda. Tyubu yenyewe ilipochoka nilikwenda na ya zamani mkononi mpaka duka la baiskeli, nikapata ya baiskeli ya watoto ya inchi kumi na mbili, ikaingia. Msijaze mpaka liwe gumu kama jiwe, someni ubavuni mwa tairi limeandikwa upepo kiasi gani. Fundi wa boda ukimwachia atalijaza kama anakwenda Masaka.

Kifungio cha gurudumu la mbele natumia hivi: kwenye murram nalikaza, nikifika lami nalifungua. Wanaosahau kulikaza ndio wanaosema matatu yanayumba.

Jua la saa saba lina kosa lake pia. Naona akina mama wanafunika kigari chote kwa kitenge, wanadhani wanamtia mtoto kivulini. Mle ndani hewa haizunguki na joto linapanda haraka, mkitia mkono mtashangaa. Paa la kigari na mwavuli wangu vinatosha, na jioni natumia chandarua chepesi, ambacho kinazuia mbu na kupitisha hewa.

Mvua ndiyo iliyobaki kunisumbua. Kifuniko cha mvua cha dukani wanataka pesa za kunichekesha. Mwezi wa nne ulipoanza kutuonyesha, nilinunua nailoni ile ya kutandika mezani, inayoonyesha, nikampelekea fundi cherehani wa hapa chini na kigari chenyewe. Akakipima kama bibi harusi, akashona, akaniachia pande mbili wazi na matundu mbele ya uso, akatia ukingo wa kitambaa cha gomesi, lile gauni letu la sherehe, kilichombakia. Kwa hiyo kigari changu kikinyeshewa kina mkanda wa zambarau na dhahabu. Wifi kakiona, kaniuliza fundi ni nani, na kama yule Mkongomani bado yupo.