Unavua samaki au unavua meli? Ndoana na uzi wa vishipi vidogo

Jana usiku nimefunga vishipi kumi na mbili, yaani vipande vya uzi wa kuvulia vyenye ndoana, nimekaa chini sebuleni, umeme umekatika, tochi ya simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, na mke wangu kapita mara mbili kuniuliza kama ndoana nimezihesabu kabla watoto hawajaamka. Nimezihesabu. Mwaka juzi moja ilibaki kwenye mkeka na aliyeipata ni mimi mwenyewe, kwa kisigino, alfajiri naenda msalani, sa tangu hapo hata sibishi.

Watu wawili watatu wameniuliza huwa nachaguaje ndoana na uzi, kwaiyo naandika hapa mara moja. Mimi navua kwa mkono tu, mshipi wa kutupa kutoka kwenye mawe au ngalawa ya mjomba, huku huku ghuba ya Tanga, upande wa Sahare. Nachofata ni changu, chaa, tasi, mara moja moja chewa mdogo. Sio nguru, sio jodari. Hilo ndo la kujiuliza kwanza kabla hujaingia dukani, unamfata samaki gani, na mdomo wake ukoje.

Nilivyoanza nilinunua ndoana za 4/0 maana zilionekana za kiume. Nikakaa kwenye mawe toka maji yanaanza kujaa mpaka yamejaa kabisa, chambo kinaliwa, nasikia tu tik tik tik kwenye kidole, navuta napata ndoana tupu inang'aa. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anajaza ndoo. Akaniomba nimuonyeshe nachovulia, akaigeuza geuza mkononi, akasema, "Mwanangu, unavua samaki au unavua meli?" Kisha akanipa ndoana mbili za kwake, vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho, na kabla magharibi haijaadhiniwa nilikuwa na chaa wanne.

Chaa ana mdomo mdogo unaochomoka mbele kama bomba, ananyonya chambo, ndoana kubwa haimuingii hata kidogo. Tasi nae hivo hivo, mdomo mdogo, anadokoa dokoa (na ukimpata angalia miiba yake, ina sumu, ikikuchoma utalala na mkono kwenye maji ya moto). Changu mdomo wake mpana kidogo na una nguvu, meno ya nyuma yamekaa kama ya kusagia maana anavunja makombe ya baharini, huyo ndoana nyembamba anaikunja. Afu kuna kikande, yule hata usimpangie, atakukata uzi na meno yake na kesho atarudi.

Namba zinachanganya watu wengi. Zile za kawaida namba ikipanda ndoana inapungua, yaani 12 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 4, mpaka unafika 1, halafu hapo mambo yanageuka inakuja 1/0, 2/0, 3/0 na hizo sasa zinakua kadri namba inavyopanda. Na kiwanda hiki na kile havilingani, 6 ya hawa inaweza kuwa 8 ya wale, kwaiyo mimi naenda na ya zamani mfukoni napima kwa macho. Kwa chaa na tasi natumia 10 au 8, kwa changu 4 mpaka 1, na kama ni changu wakubwa wa miambani 1/0 basi, sipandi zaidi.

Umbo nalo lina kazi. Ndoana ya mguu mrefu, yaani ile sehemu iliyonyooka, ni rahisi kuichomoa mdomoni na samaki mwenye meno hafikii uzi haraka. Mguu mfupi unajificha vizuri ndani ya chambo cha kamba wa baharini. Zile za duara, ambazo ncha imeangalia ndani, watu wanazilaumu bure kwa sababu wanazivuta kwa nguvu kama wanavyovuta nyingine. Ile haitaki kushtua. Akila mwache ageuke, we kaza tu uzi taratibu, inateleza yenyewe mpaka pembe ya mdomo inakamata pale. Kwa chewa ambaye anameza kila kitu naipenda sana, maana nachomoa bila kumpasua tumbo.

Kununua: gusisha ncha kwenye ukucha wa dole gumba, ikiteleza ni butu, ikishika hapo hapo ni kali. Halafu ibane kwa koleo uivute kidogo. Nishawahi kuuziwa pakiti ya mia moja kwa bei ya kutupa, duka silitaji, changu wa kwanza tu kaninyooshea ndoana ikawa kama sindano ya kushonea magunia. Zile zilizobaki watoto wametundikia mapambo ya Idi.

Uzi sasa. Mjomba husema babu yake alivulia uzi wa pamba uliopikwa na magome ya mkoko, maana nailoni yenyewe ilitangazwa 1938 na huku kwetu ilichukua muda kufika. Leo nailoni ndo kila kitu na mimi sijaona sababu ya kuiacha. Inavutika, samaki akishtuka haikatiki, na mkononi haiumizi. Uzi wa kusuka una nguvu kweli ila hauvutiki, kwa mshipi wa mkono utakukata vidole, na ukigusa jiwe la matumbawe umekwisha. Uzi wa florokaboni hauonekani sana majini na hauchubuki haraka, lakini bei yake jamani, na mvua ikinyesha maji ya huku karibu na mikoko yanakuwa kama chai ya maziwa, sa unamficha nani?

Mshipi mkuu naweka milimita 0.50. Matawi yenye ndoana 0.30 kwa chaa, 0.35 au 0.40 kwa changu. Tawi lazima liwe jembamba kuliko mshipi mkuu, maana ndoana ikinasa kwenye mwamba unavuta linakatika tawi peke yake, unapoteza ndoana moja, mengine yote yanarudi. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, nalo nafunga kwa kipande cha uzi dhaifu zaidi, na mara nyingi sio risasi bali plagi mbovu za pikipiki, fundi ananipa bure.

Vipimo vyangu ni vya mkono. Kishipi kizima karibu pima moja, matawi mawili, kutoka moja hadi jingine shibiri tatu, tawi lenyewe shibiri moja tu. Ukifanya tawi refu kuliko nafasi iliyopo kati yake na mwenzake yatakumbatiana, utashinda unafumua badala ya kuvua. Ndoana ya tundu napitisha uzi, nauzungusha mara sita kama mwembamba, mara nne kama mnene, narudisha ncha kwenye kile kitundu cha mwanzo, natema mate, navuta polepole. Mate usiyaruke, uzi mkavu ukikazwa unapata moto unaungua pale pale kwenye fundo, na ndo hapo atakapokatia samaki.

Ukitoka baharini suuza kwa maji yasiyo na chumvi, anika kivulini. Uzi uliokaa dirishani dukani unapigwa jua miezi usinunue hata ukipunguziwa bei, omba roli la ndani.

Vishipi vikishakuwa tayari naviviringisha kwenye vipande vya ndala kuukuu, ndoana nazichoma humo humo kwenye povu, haziumi mtu. Hivi vya jana vilikuwa kumi na mbili. Asubuhi mjomba kapita "kusalimia tu", sa hivi naona viko nane, na ndala ya kushoto ya mke wangu inatafutwa nyumba nzima.