Kikao cha kura ya tramu jana usiku
Jamani nimetoka kikao cha mtaa jana usiku sauti imekauka kabisa, tulikuwa tunajadili kura ya kurefusha laini ya tramu, ile treni ya mjini inayopita barabarani, ifike huku kwetu. Wenye maduka wanaogopa, na mi nawaelewa, maana barabara ikishachimbwa mabomba yahamishwe na reli zilazwe, wateja wanapotea miezi na miezi na pango halisubiri. Halafu mama mmoja mtu mzima akainuka na fimbo yake, akaenda taratibu mpaka kwenye ramani ukutani, akaweka kidole pale laini inapoishia saa hizi akasema, "Kuanzia hapa natembea, kila siku ya kliniki." Ukumbi kimya.

Nikawaambia waangalie Kansas City kule Marekani, 2014 wapiga kura walikataa kurefusha, tramu yenyewe ikaanza 2016 bila nauli, watu wakaipanda wakaizoea, baadaye wakaja kuikubali na 2025 ikafika mpaka chuo kikuu. Kura yangu ni ndiyo, ila fidia ya wenye maduka nataka niione kwenye maandishi kabla hatujapiga.