Uzoefu wangu: ninavyokagua pikapu ya dizeli ya mkononi

Nikishakubaliana na muuzaji muda wa kuliona gari, nampa sharti moja: nilikute baridi. Lisiwashwe tangu usiku wa jana yake, hata kwa kulisogeza uani. Injini ya dizeli ikishapata moto huficha karibu kila ugonjwa wake: ugumu wa kuwaka, moshi wa asubuhi, mlio wa noseli, hata maji yanayopenya kwenye silinda. Nikifika nafungua boneti na kushika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa na uvuguvugu, ukaguzi unahamia siku nyingine. Anayepasha injini kabla mteja hajafika mara nyingi ana sababu.

Kabla ya kwenda kuliona, uwe umeshaamua unataka injini gani. Hapa Tanzania pikapu za Toyota ndizo nyingi na spea zake zinapatikana mpaka wilayani, kwa hiyo nitazungumzia hizo. Namba ya chesisi inakwambia gari lilitoka kiwandani na injini ipi. LN106 ni ile Hilux ya zamani yenye springi za mapande mbele na nyuma, injini 3L ya cc 2,779. LN166 na LN167 ni za baada yake, zenye 3L au 5L. KUN25 ina 2KD ya cc 2,494 na KUN26 ina 1KD ya cc 2,982. HZJ79 ni Land Cruiser yenye 1HZ, silinda sita, cc 4,164. Namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha chesisi upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Futa tope, isome, kisha ilinganishe na kadi. Halafu tafuta namba ya injini kwenye bloku. Ukikuta KUN25 yenye injini ya 5L ndani, gari limebadilishwa injini, na kama kadi haionyeshi mabadiliko hayo, mzigo huo utakuwa wako.

3L, 5L na 1HZ hazina turbo, na pampu yake inafanya kazi bila kompyuta. Fundi wa kijijini anaifungua, na fundi pampu wa mjini anaiseti kwenye mashine yake. Ni nzito: 3L ikiwa na tani moja mgongoni, pale kwenye mlima Kitonga utapitwa hata na malori. Lakini zinavumilia. KD, yaani 2KD na 1KD, ina nguvu na inakula mafuta kidogo, ila mfumo wake wa mafuta unataka dizeli safi, na noseli zake nne zikifa kwa pamoja bei yake inakaribia ya injini ya mkononi. Serikali kupitia EWURA ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuzuia uchakachuaji, lakini dizeli ya kwenye madumu pembeni ya barabara haina wa kuithibitisha. Kama makazi yako ni mbali na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, mimi nasema chukua 5L au 1HZ, hata kama KD inapendeza zaidi.

Sasa washa. Geuza ufunguo, subiri taa ya hita plagi (vipashio vya silinda) izime, kisha piga stata bila kukanyaga mafuta. Injini nzima inashika ndani ya sekunde chache. Moshi mweupe kidogo unaoisha ndani ya nusu dakika asubuhi ya Njombe au Mbeya si tatizo. Moshi mweupe unaoendelea na kuwasha macho ni dizeli isiyoungua: hita plagi zimekufa, noseli zinadondosha, au kompresheni imeshuka. Mweupe unaobaki hata injini ikishapata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga ghafla ni mafuta kuzidi hewa. Anza na chujio la hewa kabla ya kulaumu pampu, kwa sababu hilo ni la bei rahisi.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, legeza mfuniko wa oili, uugeuze na kuuweka juu ya tundu lake bila kuufunga. Ukitikisika kidogo, sawa. Ukirushwa, au moshi ukatoka kwa mapigo, injini inapumua, yaani ringi zimekwisha na hewa ya mlipuko inashukia kwenye oili. Chomoa na dipstiki: kama oili inaruka kupitia tundu lake, hapo unahesabu ovaholi, si sevisi. Rudia jaribio hili baada ya kuendesha, maana kuna injini zinazopumua zikipata moto tu. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida kabisa. Ninayoitilia shaka ni ile inayong'aa, mpya ya jana, hasa ikiwa nzito kupita kiasi, kwa kuwa oili nzito hupunguza moshi na kelele kwa siku chache za kuuzia. Oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho na kunuka dizeli ina mafuta yanayovuja ndani. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji.

Upande wa maji ndiko magari mengi ya mkononi yanakoumbuka. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi. Maji ya kutu matupu, bila kulanti (dawa ya rejeta), yanakwambia mwenye gari alikuwa anaongeza ya bombani. Washa, acha mfuniko wazi, mtu akanyage mafuta kidogo kidogo. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea kuja bila kukoma, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe imepasuka. 1KZ, dizeli nyingine ya Toyota, inajulikana kwa hedi kupasuka ikishachemsha hata mara moja. Kisha rudisha mfuniko, shika ule mpira wa juu na usubiri. Kama themostati ipo, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, mpira utabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu utapata moto kwa ghafla. Ukianza kupata joto polepole tangu mwanzo, themostati imetolewa. Mafundi wengi huitoa gari likianza kuchemsha, na muuzaji atakwambia ni kwa ajili ya joto la nchi yetu. Usikubali. Injini isiyofikia joto lake inakula ringi na mafuta, na rejeta iliyoziba inabaki imefichwa mpaka siku utakapopanda mlima na mzigo. Injini ikishazimwa, ikiwa bado ya moto, zungusha feni kwa mkono: inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka kiulaini, klachi ya feni imekufa.

Kwa KD ongeza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Chini ya kila noseli kuna washa ya shaba. Ikivuja, moshi wa mlipuko unaingia kwenye oili na kuigeuza masizi mazito, na masizi hayo yanaziba chujio la kufyonzea oili lililo chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Presha ya oili inashuka, beringi zinaungua, na watu husema injini imejam bila sababu. Ukiona utando mweusi kama lami kuzunguka noseli, omba sampu ishushwe na chujio likaguliwe kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, mimi naondoka.

Injini zote nilizotaja zinatumia mkanda wa taimingi. Wa 3L, 5L na 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye KD kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka ikifika zamu yake. Mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Bila ushahidi wa lini ulibadilishwa, uhesabu kuwa haujabadilishwa na upunguze gharama yake, pamoja na tensheni, kwenye bei.

Chesisi sasa. Simama ubavuni na utazame nafasi kati ya kebini na bodi. Ikiwa upana wake wa juu na wa chini unatofautiana, huenda chesisi imepinda kwa kuzidishiwa mzigo. Pita pande zote mbili. Ingia chini na nyundo ndogo, ugonge chuma juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi: chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa. Gari la Tanga, Bagamoyo au Zanzibar, hasa lililokuwa likibeba samaki na barafu, nalikagua mara mbili. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini kote ni ya kukwanguliwa, si ya kusifiwa. Tafuta sehemu zilizochomelewa, na hesabu mapande ya springi kushoto na kulia; yakitofautiana, kuna lililovunjika au lililoongezwa. Gari lililotoka mgodini mara nyingi lina matundu yaliyozibwa kwenye bampa au paa, palipokaa bendera ndefu na taa ya kuzunguka. Kilomita zake huwa chache lakini saa za kunguruma ni nyingi mno.

Kuendesha, nataka angalau nusu saa, pawe na kilima. Kwa klachi, ukiwa kilomita 40 kwa saa weka gia ya nne, kanyaga mafuta hadi chini: mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, inateleza. Achia mafuta ghafla kwenye kila gia uone kama inaruka. Fowili, yaani kuendesha tairi zote nne, ijaribu kwenye mchanga au udongo laini, si kwenye lami, kwa kuwa ekseli za mbele na nyuma zinakabana na unaweza kuvunja kitu kisicho chako. Mlio wa kukwaruza unaobadilika ukikanyaga na kuachia ni difu. Mlio wa kugonga mara moja unapoanza kuondoka ni kros za propela, jambo dogo.

Karatasi ni fupi. Usidanganyike na "namba C" au "namba D": herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Jina la kwenye kadi liwe la anayeuza, au awe na mamlaka ya maandishi. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na madeni ya maegesho ya TARURA, kabla fedha hazijatoka. Uhamisho wa umiliki TRA ufanyike wakati muuzaji bado yupo na simu yake inapokelewa.

Gari likiwa lako, kabla ya kulipakia chochote, badilisha oili, chujio zote mbili za dizeli na oili, pamoja na mkanda wa taimingi kama hauna ushahidi. Fungua na kizibo cha chini cha chujio la dizeli, ukinge kinachotoka kwenye chupa ya wazi na ukiache kitulie: maji hukaa chini, dizeli juu.