Dawa ya presha kwa mtu asiye na presha

Mwaka jana shangazi yangu, anayeishi na kisukari kwa miaka mingi sasa, alirudi kutoka kliniki ya sukari akiwa amekasirika. Presha yake ilikuwa imesoma 118 kwa 76, akapongezwa, kisha akaandikiwa enalaprili, dawa ambayo jirani zake wawili huimeza kwa sababu ya presha. "Mwanangu, hawa wananitafutia ugonjwa," aliniambia, akaifungia dawa kabatini. Maelezo aliyopewa yalikuwa mafupi mno: mkojo wake una protini. Nilipojaribu kumfafanulia, niligundua kwamba hata mimi nilikuwa nikilielewa jambo hili nusu tu.

Tumezoea kusema kwamba presha huharibu figo, na ni kweli, lakini figo yenyewe ndiyo inayotoa agizo la kwanza la kupandisha presha. Seli maalumu katika kuta za mishipa midogo inayopeleka damu kwenye machujio ya figo, zikihisi kwamba damu inafika kwa nguvu ndogo au chumvi imepungua, humwaga kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia mwilini) kiitwacho renini. Robert Tigerstedt na Per Bergman waliitambua nchini Uswidi mwaka 1898, walipowadunga sungura maji yaliyotokana na figo na presha yao ikapanda. Renini hukata protini inayotengenezwa na ini, ikapatikana angiotensini ya kwanza. Kimeng'enya kingine, kinachopatikana kwa wingi katika mishipa ya mapafu, huigeuza kuwa angiotensini ya pili, ambayo ndiyo yenye makali. Hubana mishipa ya damu, na huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayoizuia chumvi isipotelee katika mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki.

Kwa mtu anayetokwa na damu au anayeharisha sana, mpango huo huokoa maisha. Balaa ni pale unapoendelea mwaka baada ya mwaka. Kila figo ina machujio yanayokaribia milioni moja, na kila chujio ni fundo la mishipa myembamba lenye njia ya damu kuingilia na njia ya kutokea. Angiotensini ya pili hubana zaidi njia ya kutokea, na kwa mwenye kisukari sukari iliyozidi huilegeza ile ya kuingilia, kwa hiyo damu husongamana ndani ya fundo na kulisukuma kutoka ndani, hata kama mashine ya kupimia presha mkononi inaonyesha namba nzuri. Ndipo protini hupenya mahali isipopaswa kupita, ikaishia kwenye mkojo. Angiotensini ya pili na aldosteroni pia huchochea makovu, na chujio lenye kovu halichuji tena. Kazi yake hutupiwa yaliyosalia.

Enalaprili huzuia kile kimeng'enya cha pili, cha kwenye mapafu, njia ya kutokea ikafunguka na fundo likapumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu ndugu yake, kaptoprili, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba iliwalinda figo kupita kiasi kinachoweza kuelezwa na kushuka kwa presha peke yake. (Sikumwambia shangazi kwamba kaptoprili ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, angeongeza kufuli la pili.)

Nilichomwambia ni kwamba lazima arudi kupimwa damu kuona kreatinini (taka ambayo figo huitoa) na madini ya potasiamu, kwa kuwa dawa hii inaweza kupandisha zote mbili, na kwamba dawa za maumivu za diklofenaki anazonunua kwa ajili ya magoti huzielemea figo zilezile. Hilo la magoti lilimuudhi kuliko yote.

Alianza kumeza, akapata kikohozi kikavu ambacho dawa za jamii hiyo hujulikana nacho, akabadilishiwa losartani, inayoizuia angiotensini ya pili isishike mahali pake pa kazi. Sasa huiita dawa ya mkojo, na akifika kliniki huuliza kwanza habari za protini, kabla hajaunyoosha mkono kupimwa presha.