Kuurudisha mguu wa mashine

Nikitaka kumpima fundi wa mashine za boti siku hizi, simtazami anapofungua. Kufungua ni nguvu na spana, na pale Deep Sea, diko letu la samaki hapa Tanga, vijana wa kufungua wamejaa tele. Nangoja afike kwenye kuurudisha mguu, ile sehemu ya chini yenye gia na rafadha, hapo ndipo navuta ndoo nikae.

Mashine yetu ni Yamaha ya 40, ya kuchanganya oili. Tunaimiliki mimi na kaka yangu: yeye nahodha, mimi mafuta, vipuri na hesabu. Juzi alirudi kutoka nje ya kisiwa cha Ulenge akasema mashine inakojoa kwa shida, yale maji ya kupozea yanatoka membamba, na ukiyakinga mkono yanaunguza. Hiyo huwa ni habari ya impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachokaa ndani ya kikombe chake juu ya mguu, kikavuta maji ya bahari na kuyapandisha kwenye mashine ili isiive. Ikiwashwa pakavu, hata kwa muda mfupi, mpira unaungua. Ikipitishwa kwenye tope na mchanga, mabawa yanaliwa. Na ghuba yetu ikipwa, mnaijua wenyewe.

Sipendi desturi ya kungoja mashine izimike huko nje ndipo watu waanze kuulizana impela ilibadilishwa lini. Kipuri kinapatikana Ngamiani mjini, na bei yake haifikii mafuta tunayochoma usiku mmoja. Lakini ukiwaambia wenye boti wenzako, wanakuona mwanamke mwoga wa bahari.

Basi tukangoja mbalamwezi, maana sisi tunavua kwa taa na mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki. Mashine ikabebwa, ikafungwa kwenye stendi ya mbao chini ya mkungu, kwa Babu, fundi wetu.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta mpira peke yake, au na kikombe chake?”

Nilileta vyote, pamoja na bamba la chini na gasketi. Mpira mpya ndani ya kikombe kilichochimbika hauvuti vizuri, hilo alishanifundisha zamani.

Sitaeleza kufungua. Niseme tu kwamba bolti za chuma kisichoshika kutu ndani ya alumini, zikikaa na maji ya chumvi, zinashikana kweli kweli, na kaka alitoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nyuma ya rafadha tulikuta mshipi wa nailoni umejizungusha kwenye shafti ya rafadha. Babu akautoa wote kwa ncha ya kisu, akamulika sili kwa tochi ya simu, akaridhika. Mshipi wa namna hiyo ndio unaokata sili, maji yakaingia kwenye gia, na oili ikitoka imegeuka chai ya maziwa ujue mfuko wako umetoboka. Yetu ilitoka nyeusi.

Impela ikapakwa grisi, kile kichuma cha nusu mwezi kinachoifunga na shafti ndefu inayopanda kwenye mashine kikawekwa mahali pake, kisha kikombe kikashushwa huku shafti ikizungushwa kwa kufuata mwendo wa saa, mabawa yote yalale upande mmoja. Babu hakuongea kabisa hapo.

Sasa kurudisha. Shida yake ni kwamba vitu vitatu vinatakiwa kukutana kwa wakati mmoja, gizani, ndani ya nguzo ya mashine. Meno ya shafti hiyo ndefu yaingie kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na mashine. Bomba la maji litumbukie kwenye mpira wake juu ya kikombe. Fimbo ya gia ifike inapoungiwa, na gia ya juu na ya chini ziwe mahali pamoja. Bomba likikosa tundu lake, utafunga kila kitu vizuri, mashine itawaka, na maji yatamwagikia ndani ya mguu huku kichwa kinaungua.

Grisi Babu aliipaka kwenye ubavu wa meno tu. Ncha ya shafti akaifuta kwa kitambaa ikawa kavu. Kaka akauliza kwa nini anaibania. Akajibiwa kuwa grisi ikikaa kwenye ncha inabanwa ndani ya tundu la krenki, haina pa kwenda, basi shafti haifiki mwisho.

Wakaunyanyua mguu wao wawili. Ukapanda vizuri, ukakwama. Ulibaki upenyo wa kama kidole kimoja. Kaka akashika bolti: “Tuzikaze taratibu, zitauvuta wenyewe.”

“Bolti ni ya kushika, si ya kuvuta. Ukivuta kwa bolti utavunja sikio la mguu, au utaikandamiza krenki. Mwanangu, vuta kamba. Pole pole.”

Plagi zilikuwa zimetolewa, kwa hiyo kamba ya kuwashia ilikuwa laini. Babu anapenda kamba kwa sababu inazungusha krenki upande mmoja tu, ule wa kazi. Ukiupapasa mguu kwa kuzungusha ovyo, unaweza kuyakunja mabawa ya impela kinyume. Nikavuta kidogo. Nikavuta tena. Mimi juu nisione kitu, wao chini wasione kitu, tunaulizana tu: bado? Bado. Halafu nikahisi mkononi kamba imepata uzito, na mguu ukapanda wenyewe ukagusana na nguzo bila bolti hata moja.

Kazi zangu zote nyingine ni za macho. Namba nimeziandika, naziona, na mtu akinidanganya kwenye ratili najua. Hii ya kungoja mkono uambiwe na kamba sikuizoea, na nakiri niliipenda kuliko nilivyotegemea. Nadhani ndiyo maana Babu hana haraka na watu wanaomkawiza. Anajua kuna sehemu ya kazi ambayo haisikii amri.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Bolti zikapakwa grisi na kukazwa kwa zamu. Fimbo ya gia ikaungwa, tukajaribu mbele, katikati, nyuma, rafadha ikizungushwa kwa mkono. Oili ya gia ikasukumwa kutoka tundu la chini mpaka ikafurika tundu la juu bila mapovu. Skrubu ya juu ikatangulia, ya chini ikafuata, zote na washa mpya. Rafadha ikapata kota pini mpya, ile ya kuzuia nati yake isilegee. Kaka alikuwa na msumari tayari, Babu akautupa.

Kwenye pipa la maji ikawaka, na baada ya muda mfupi ikakojoa vizuri, maji ya vuguvugu tu.

“Basi leo tunaweza kutoka?” kaka akauliza.

“Zunguka kisiwa cha Toten urudi. Chukua kasia. Ukifika usiiguse skrubu ya chini mpaka nije, nataka kuilegeza mwenyewe nione kinachotangulia kutoka ni oili au maji.”