Pikipiki tatu, mke mmoja na tuta la Muriet

Miaka sita sasa naendesha Boxer 150 na sina ubaya nayo hata kidogo, imenipeleka saiti, imenipeleka Babati, imebeba gunia la mkaa na ilimbeba mama watoto usiku ule wa uchungu wa mtoto wa pili (msiniulize, hapa Arusha, Njiro, usiku ule hapakuwa na hata bajaji moja). Ila mwaka jana nilishikwa na ugonjwa wa kruza. Yale mapikipiki marefu, siti iko chini, usukani umekufuata mpaka kifuani, miguu umeinyoosha mbele kama uko kwenye kochi sebuleni. Niliuza kakiwanja kangu ka Kisongo, nikaambiwa na ndugu zangu nimechanganyikiwa, nikaanza kuzunguka.

Ya kwanza ilikuwa Yamaha Drag Star 650 kwa dalali mmoja Unga Limited. Kwenye simu aliniambia "chalii yangu, hii chuma haijawashwa toka Jumapili, betri tu ndo nimechaji". Nikaenda Alhamisi na fundi wangu, jamaa haongei sana. Kabla hata salamu hazijaisha fundi akasogeza mgongo wa mkono karibu na silinda, akaniangalia. Moto! Injini haijawashwa siku nne ila inaweza kukaanga yai. Fundi hakubishana wala nini, akasema tu "sisi tuna njaa, tukale kwanza", tukaenda kukaa kibandani kwa muuza chipsi pale ng'ambo, mahali tunaiona pikipiki vizuri ili dalali asije akaipasha tena, tukakaa saa moja na nusu nzima, nikala mishkaki ambayo sikuwa na hamu nayo. Tuliporudi ilikuwa imepoa kama jiwe la mtoni. Choki ikavutwa, stata ikalia weee, ikazima, ikalia, mara ya nne ndo ikashika, na ekzosi ikatoa moshi wa bluu kama wa sekunde kumi hivi halafu ukakata. Fundi akasema sili za valvu, zile za kuzuia oili isiingie kwenye silinda, zimezeeka na kabureta zimekaa na mafuta ya zamani. Ni umri tu, chombo kikikaa sana bila kutumika ndo kinakuwa hivyo, lakini bei aliyotaja dalali ilikuwa ya chombo kinachowaka kwa stata moja.

Toka siku hiyo nikimpigia muuzaji yeyote namwambia kabisa, usiiwashe mpaka nifike, nikiikuta ya moto nageuza, maana injini ya moto inawaka kirahisi na kuficha ubovu.

Haya, karatasi zilikuwa safi, namba ya chesisi ilifanana na kadi, bima niliihakiki kwa simu kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, na faini nikaangalia kwenye mfumo wa polisi, haikuwa na deni. Nikamwachia dalali Boxer yangu na kitambulisho kama dhamana, nikatoka nayo. Jamani ile sauti! Silinda mbili zimekaa V ya nyuzi 70, siti iko kama sentimita 70 tu toka chini kwa hiyo hata mimi mfupi nilikanyaga lami nyayo zote mbili, kwenye baipasi ikawa inateleza tu, watoto wananipungia mikono, nikajiona waziri. Kilometa kumi na tano za kwanza ningelipa hata zaidi ya alichotaka.

Sasa nikaingia barabara ya vumbi ya Muriet, na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho ukiikalia tu pale uani kwa dalali huwezi kukijua. Kwenye Boxer ukiona shimo unafanya nini? Unanyanyua makalio. Hufikirii, mwili wenyewe unanyanyuka, magoti yanameza lile shimo na mgongo haujui kitu. Kwenye kruza miguu iko mbele, huna cha kukanyagia ili usimame, umekaa kama gunia na kila shimo linakuja moja kwa moja kwenye kiuno. Na shokapu ya nyuma ya pikipiki za aina hii ni fupi, hii nadhani haifiki hata sentimita tisa za kuchezea, ikiisha hiyo iliyobaki ni pingili za uti wako wa mgongo. Halafu kuna tuta la pale karibu na dukani, mnalijua, lile lililojengwa na wananchi wenyewe kwa hasira baada ya ajali. Nilipita taratibu kabisa nikiwa peke yangu, chini ikasema krrrr. Nikawaza nikiwa na mke na begi itakuwaje.

Nikarudisha. Kabla sijaondoka mjini nikapita soko la Kilombero kuulizia tairi la nyuma la 170/80 rimu 15, dogo wa dukani akaniuliza ni la gari gani.

Ya pili sikuitafuta, ilinitafuta. Mzee mmoja mgeni wa Usa River alikuwa anarudi kwao, anauza Honda Deauville, ile NT650V. Hiyo sio kruza, ni ya safari, ina masanduku ya pembeni yaliyojengewa kwenye bodi yenyewe, ina kioo na plastiki za kukukinga upepo, injini ya 647cc inayopozwa kwa maji na inaendeshwa kwa shafti, maana yake hakuna cheni ya kupaka oili kila ukitoka kwenye vumbi. Mzee aliitunza kama yai, daftari la sevisi lipo, akanipa funguo bila hata kuomba kitambulisho. Safari hii nilimchukua na mama watoto, maana nilishagundua nanunua pikipiki ya watu wawili huku naijaribu kama mtu mmoja. Tukaenda mpaka njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA tukarudi. Pale baada ya Kikatiti upepo wa ubavuni unajulikana, Boxer huwa inahamishwa kabisa, hii ilitulia na mke akawa ananisimulia habari za vikoba huku nyuma bila kupiga kelele. Yaani tulikuwa tunasikilizana! Nusu ya moyo ikawa imeshahama.

Tatizo siti ni sentimita 81 na mimi nina mita moja na sitini na nane, tena mafuta yakijaa lile dude linavuka kilo 240. Wakati wa kurudi nikasimama pembeni kununua ndizi, kokoto, mteremko kidogo, mguu wa kushoto ukatafuta ardhi ukakuta hewa. Mke alishuka kwa kuruka. Nililizuia kwa paja, sijui nguvu zilitoka wapi, muuza ndizi akaja kusaidia huku anacheka, na paja likanivimba wiki nzima. Na plastiki zote zile, siku likilala tu, utazipata wapi hapa Arusha? Nairobi kama kilometa 270 na hata huko ni bahati.

Kuhusu ya tatu, Royal Enfield Meteor 350, kiukweli sikuwa na hamu. 349cc baada ya kuonja 650 niliona kama kurudi darasa la nne. Mwenyewe ni mwongoza watalii wa Moshi, aliniambia ana mtoto anaingia chuo. Nikafika asubuhi, injini baridi (alinisikiliza), ikawaka kwa stata moja bila choki maana inatumia injekta. Kilo 191, siti sentimita 76 na nusu, nyayo zinafika kasoro visigino. Miguu iko mbele kidogo tu, sio kama kwenye kochi, na ukitaka unaweza kujinyanyua. Tukapanda na mke mpaka Himo halafu tukakata kwenda Marangu, na nikafanya makusudi, nikatafuta kila shimo. Breki ina ABS mbele na nyuma, ile ya kuzuia tairi lisijifunge ukikanyaga kwa nguvu, nikaikanyaga kwenye mchanga, ikatetemeka chini ya mguu lakini tairi halikuserereka. Nikapita matuta, haikugusa hata moja.

Mlima ndo uliisema. Inatoa nguvu za farasi kama 20 hivi, kwa watu wawili wenye afya kupanda Marangu Mtoni gia ya nne ilikata pumzi nikashuka ya tatu, nyuma yangu Noah imejaa abiria inapiga honi inataka kupita. Iliniuma, sitadanganya. Ila nikajiuliza, kutoka Arusha mpaka Moshi kilometa themanini, kibao cha 50, ukitoka kibao kingine cha 50, trafiki na tochi yake chini ya mti, hizo nguvu za 650 ningezitumia wapi? Kisongo kwenda Makuyuni labda, na hapo ni mara mbili kwa mwaka.

Tukashuka mke akavua helmeti nikamuuliza vipi. Akasema kiuno hakiumi, ila kale kasiti ka nyuma ni kadogo na hajaona pa kuweka mizigo, "Krismasi tukienda kwa mama ndizi za kurudi nazo tutazishika mkononi?" Nikajua tumeshanunua.

Leseni yangu ilikuwa daraja A tayari kwa hiyo hapo sikusumbuka, kadi tulihamisha kwa majina wiki iliyofuata. Dalali wa Unga Limited bado ananipigia, bei inashuka kila Ijumaa, na kuna siku nasikia ile sauti ya V kichwani nashika simu kabisa halafu naiweka. Jumamosi nilipeleka Meteor kwa mchomeleaji anitengenezee keria ya nyuma. Akaizunguka mara mbili, akagonga tenki kwa kidole, akachukua futi yake akaniuliza "mkuu, hii ni ya kubebea kreti ngapi?"